Wiki Niliyoficha Mafua

Jumamosi, 7 Juni

Nimepiga chafya. Moja tu. Vumbi la kitambaa, bila shaka. Fundi cherehani asiyepiga chafya huyo hafanyi kazi.

Ya pili imekuja baada ya chakula cha mchana. Koo linawasha. Si mafua! Mimi sina nafasi ya mafua wiki hii.

Maana mambo yako hivi. Mke wangu ni mtangazaji wa stendi ya mabasi. Ndiye yule mwenye kipaza sauti anayewaambia abiria gari lipi linaondoka na nani kasahau mzigo wake. Sauti yake watu huacha kutafuna ili waisikie. Ijumaa ijayo ameitwa kituo cha redio, akajaribiwe kusoma taarifa ya habari. Amekuwa akiingoja siku hiyo tangu hajanijua mimi. Kwa hiyo leo jioni ametuita sebuleni, mimi na mdogo wake, akatangaza kama anavyotangaza mabasi. Kuanzia sasa, mwenye mafua, kikohozi, au hata pua inayong'aa tu, atabeba godoro akalale kwenye kibanda changu cha ushonaji mpaka Ijumaa ipite. Hakuna kuoneana haya.

Kibanda changu! Bati juu, saruji chini, panya katikati.

Mdogo wake, yaani shemeji yangu, anauza kwenye duka la dawa. Wateja humwita Daktari, naye hawakatazi. Koti lake jeupe analivaa mpaka akiwa anakunywa chai. Alipopata nafasi akatuhubiria. Tunawe mikono kwa sabuni. Kila mtu na kikombe chake. Anayekohoa akohoe kwenye kiwiko. Madirisha yawe wazi. Mke wangu akaitikia kila neno kama yuko ibadani. Mimi nilikuwa nimeibana chafya ya tatu kwa nguvu zangu zote, machozi yakanitoka. Mke wangu akadhani nimeguswa. Akanishika mkono, akasema hakujua kama jambo lake limenikaa moyoni kiasi hicho.

Nilijisikia vibaya sana. Lakini si vibaya kiasi cha kulala na panya.

Jumapili, 8 Juni

Mafua kamili. Pua moja imeziba, nyingine inachuruzika. Najua nilikoyatoa. Fundi viatu, jirani yangu wa kibanda, alikuwa anapiga chafya tangu Jumatano, nami nikanywa maji kwenye chupa yake. Kiu haina macho.

Lakini akili ni mali! Alfajiri nikajitolea kukata vitunguu. Vya chai ya asubuhi? aliuliza mke wangu. Nikasema vya siku nzima, nataka apumzike. Mtu anayekata vitunguu ana haki ya kulia, kufuta pua na kuwa na macho mekundu, na hakuna wa kumuuliza. Nilikata vingi. Tukala mayai na vitunguu, maharage na vitunguu, wali wa vitunguu. Mke wangu akanisifu mbele ya shemeji. Akasema wanaume wengine wangejifunza.

Saa za jioni vitunguu vikaisha. Hapo ndipo nikakohoa. Shemeji akaacha kijiko hewani, akaniangalia, akauliza kama niko salama. Nikasema nimepaliwa na tonge. Akauliza tonge lipi, maana sahani yangu ilikuwa bado haijaguswa. Mtu huyu ni hatari.

Wakati wa kulala mke wangu alihamishia mto wake upande wa miguu. Alisema anasikia joto. Kulikuwa hakuna joto, lakini wanawake wana yao.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefanya jambo baya. Naliandika haraka ili liishe.

Shemeji ananichunguza. Asubuhi aliweka sabuni mpya kwenye sinki na kunielekezea namna ya kunawa katikati ya vidole, mimi, mtu mzima, mwenye mvi mbili. Nikaona wazi kwamba kati yangu na yeye, mmoja atalala kibandani. Na kwa nini niwe mimi? Yeye ndiye anayeshinda na wagonjwa. Kila anayekohoa mjini anakohoa mbele yake. Kwa mujibu wa hesabu, yeye ndiye alipaswa kuwa na mafua. Mimi nimeyabeba kwa niaba yake.

Basi. Koti lake jeupe lilikuwa limetundikwa. Pilipili manga ilikuwa jikoni, imesagwa laini. Nikaipaka kwenye kola. Kidogo tu. Labda zaidi ya kidogo.

Jioni alivaa koti, akakaa mezani, akapiga chafya hadi kifuniko cha sufuria kikacheza. Mke wangu akasimama. Machozi yakamlengalenga, maana huyu ni mdogo wake wa pekee na yeye ndiye aliyemlea. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemwambia asijali. Akasema hajisikii mgonjwa hata kidogo, lakini sheria ni sheria, na sauti ya dada yake haina ya akiba. Akakunja godoro lake. Kabla ya kutoka akafuta meza kwa sabuni pale alipopigia chafya.

Nilimbebea ndoo mpaka kibandani. Njiani akanishukuru, akaniomba nimtunzie dada yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikarudi nikalala.

Jumanne, 10 Juni

Mama mkwe amefika! Hakuna aliyeniambia. Amekuja kumpikia binti yake na kulinda koo lake hadi Ijumaa.

Mama mkwe wangu ni mama wa heshima na mimi humwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa. Leo niliinamisha zaidi ili asione pua. Hakudanganyika. Akainua kidevu changu kwa kidole, mbele ya mke wangu, akauliza mwanangu, una nini, mbona uso umevimba kama andazi.

Nikasema tumbo.

Sijui lilitoka wapi! Lilijitoa lenyewe. Lakini dakika hiyo hiyo nikaona ni neno la busara. Tumbo si mafua. Tumbo halirukii koo la mtu. Mwenye tumbo hafukuzwi, huonewa huruma. Mke wangu alinitazama kwa muda, kisha akauliza, taratibu, kama nina uhakika ni tumbo. Nikasema nina uhakika mno. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Sikufikiria mbele. Mwenye tumbo hali nyama. Mama mkwe alipika nyama ya mchuzi, harufu yake watu waliisifu hadi nje (mimi sikuisikia, pua ilikuwa imefungwa pande zote), na mimi nikapewa uji mwepesi usio na sukari. Tena mwenye tumbo lazima aende msalani. Nikaenda. Nikakaa. Kwa kweli palinifaa, maana ndani nilipenga na kukohoa kwa raha zangu huku nikimwaga maji kuficha sauti. Ila mama mkwe akanifuata mlangoni. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama inatoka maji matupu au bado ina uzito.

Mkwe! Ananiuliza mimi hayo! Kupitia mlango wenye ufa! Nikasema ya wastani. Tangu leo nitamwamkiaje?

Jioni tulijaribu gauni. Ni zawadi yangu kwake, la buluu, kola nyeupe, nimelishona mwenyewe kwa ajili ya Ijumaa. Mama mkwe aliuliza kama siku hizi redioni wanaona nguo. Mke wangu akapanda juu ya stuli, mimi nikapiga magoti kukunja pindo. Na kama kawaida, pini nilikuwa nimezibana midomoni. Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Mkono mmoja kitambaa, mkono wa pili chaki, mdomo ndio kijaluba. Pindo la nyuma lilitaka mikono yote miwili, na pua nayo ilitaka kuchuruzika, kwa hiyo nikazitoa pini, nikampa azishike. Naye akafanya kama afanyavyo siku zote akinisaidia kazi. Akazibana midomoni mwake.

Niliona. Nimeandika hapa kwamba niliona. Nilikuwa nimepiga magoti, nikainua macho, nikaona pini zangu zinang'aa kwenye midomo yake. Ningesema toa! Ningesema chochote. Nikasema pindo limekaa vizuri.

Baadaye nikajiambia mafua hayakai kwenye chuma. Kwani ni kutu?

Jumatano, 11 Juni

Niko hoi. Naandika nimelala ubavu.

Jana usiku mama mkwe alinipa sahani ya nyama nimpelekee shemeji kibandani. Shemeji alikuwa hajarudi kutoka kazini. Nikaifunika kwa kitambaa kwenye meza ya kukatia, nikaondoka. Nadhani alirudi akiwa ameshakula. Leo mchana naingia kazini, sahani ipo pale pale, haijaguswa, bati juu linawaka jua. Na mimi tangu jana ni uji. Uji! Mwanaume anayekanyaga cherehani kutwa! Nikainusa. Haikuwa na harufu yoyote. Nikasema basi, ni nzima.

Nilisahau kwamba hata ningenusa mafuta ya taa yasingekuwa na harufu yoyote.

Nimeila yote. Nikaramba na kidole. Haikupita alasiri, tumbo likanguruma, nikatoka mbio nikiacha suruali ya mteja kwenye cherehani. Sikufika. Yaani nyumbani nilifika, msalani sikufika. Nilitapika ukumbini, kwenye miguu ya mama mkwe. Mengine yaliyofuata siyaandiki. Nitasema tu kwamba mama mkwe alinishika paji la uso kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akafungua mlango wa msalani, na kwamba alipiga deki mwenyewe, na kwamba alinifulia. Alinifulia suruali. Sitaki kuwaza zaidi.

Jambo la ajabu, hakuna aliyeshangaa. Kwao ni tumbo lile lile la jana limezidi. Siwezi hata kujisifu kwamba leo ni kweli.

Jioni shemeji alikuja, akasimama nje ya dirisha ili asiingize chafya ndani. Alikuwa ameleta pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini. Akaeleza kwa upole kwamba pakiti moja ni ya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ninywe kidogo kidogo hata kama natapika, na nikiona damu, au maji yenyewe yakikataa kukaa, nipelekwe zahanati bila kungoja. Kisha akaniuliza nilikula nini. Nikasema uji. Akasema ile sahani ya kibandani alisahau kuimwaga, sasa haioni.

Nikasema paka kaila.

Akasikitika. Akasema maskini paka yule, ataumwa sana.

Alhamisi, 12 Juni

Tumbo limetulia kidogo. Nakunywa yale maji ya chumvi, kijiko baada ya kijiko. Mke wangu analala chumba kimoja na mama yake tangu juzi. Mimi niko peke yangu na ndoo.

Asubuhi nilimsikia anajizoeza ng'ambo ya ukuta. Anasoma gazeti la zamani. Bei za mazao. Mafuriko. Mkutano wa mawaziri. Jamani, mke wangu anasoma! Hata bei ya mahindi inataka kukutoa machozi. Nikafumba macho nikamwona yuko redioni, na mimi niko kibandani, nimefungulia sauti juu, nawaambia wateja huyo ni wangu.

Halafu sauti ikakatika. Katikati ya neno mafuriko. Akakohoa. Kimya. Akaanza tena, ikakatika pale pale. Nikasikia mama mkwe anaburuta kandambili mbio kwenda kuchemsha maji.

Nikajifunika shuka gubigubi.

Mchana alikuwa anaongea kwa sauti ya mlango mkavu. Wakampa maji ya moto na asali na ndimu. Nami, kwa kuona nisikae bure, nikatuma ujumbe kwamba asali aongeze. Ndio mchango wangu wote. Asali aongeze!

Lakini lililonimaliza ni jioni. Shemeji alikuja dirishani tena. Walipomweleza, akaanza kumwomba dada yake radhi. Akasema ni yeye. Lazima mafua ameyatoa dukani, akayaleta nyumbani kwenye nguo kabla hajajua. Akasema alijiona mjuaji na sabuni zake na kumbe ndiye aliyemharibia. Mama mkwe akamwambia basi mwanangu, maradhi hayana mwenyewe.

Nami niko humo humo ndani, ukuta mmoja tu. Mwenye maradhi. Nilikuwa na kikohozi kinakuja. Nikakikoholea kwenye mto ili wasisikie.

Nimejiona mtu duni. Kesho nitasema. Baada ya majaribio, nisimvuruge.

Ijumaa, 13 Juni

Sauti imekwenda. Haikupungua. Imekwenda!

Akavaa gauni hata hivyo. Mama mkwe akasema abaki, awapigie simu aombe siku nyingine. Akatikisa kichwa. Nadhani aliogopa wakisikia siku nyingine, nafasi watampa mtu mwingine. Mimi nilifuatana naye kubeba chupa ya chai ya tangawizi. Miguu yangu bado ilikuwa ya mtu aliyetoka vitani, lakini nisingekaa nyumbani na mama mkwe ananitazama.

Dada wa mapokezi pale kituoni alilisifu gauni. Akauliza fundi ni nani. Mke wangu akanionyesha mimi kwa kidole, akatabasamu, bila sauti. Ningependa sifa hizo zingekuja siku nyingine.

Chumba cha majaribio kina kioo, nikamwona. Akakaa mbele ya kipaza sauti, akanyoosha mgongo, akashika karatasi. Midomo ikaanza kwenda. Ng'ambo, bwana wa mitambo akasogeza vifungo. Akasogeza tena. Akavua vile vya masikioni, akavigonga kwenye meza, akadhani vimeharibika. Akavivaa. Mke wangu akaendelea kusoma hadi mwisho wa karatasi. Hakuruka hata mstari.

Walimwambia asante, wana wengine wa kusikiliza.

Tulirudi kwa miguu kupitia stendi. Siku hiyo kipaza sauti kilishikwa na kijana wa tiketi na abiria walikuwa wanapanda magari yasiyo yao. Watu wakamwita, wakamuuliza imekuwaje huko redioni. Akawaonyesha koo kwa kidole. Mimi nilikuwa nyuma na chupa ya chai. Hakulia njiani. Nyumbani alivua gauni, akalitundika vizuri, akayaweka mabega sawasawa kwenye hanga, ndipo akakaa kitandani akalia. Kulia kusiko na sauti. Sijawahi kuona kitu kibaya kama hicho.

Sikusema. Mtu analia halafu umwambie na hilo?

Jumamosi, 14 Juni

Nimesema.

Nilikuwa nimepanga kusema nusu. Kwamba huenda, pengine, siku fulani, nilipata kamafua fulani kadogo. Nikaingia chumbani kwao. Mke wangu ameketi, kitambaa shingoni, mama mkwe pembeni yake. Nikaanza. Mke wangu akainua mkono. Akamwinamia mama yake sikioni, akanong'ona.

Na mama mkwe, mwenye mapafu yaliyomzaa mtangazaji, akatangaza. Anasema anajua. Anasema alijua tangu Jumapili. Anasema vitunguu havimfanyi mtu akorome kama trekta.

Mke wangu akanong'ona tena. Anasema ndiyo maana alihamisha mto. Anasema alikuwa anakunywa kwenye kikombe chake na kunawa mpaka ngozi ikachubuka, akijikinga na wewe.

Nikauliza, kama ni hivyo, mbona hakunifukuza? Hapo alinong'ona kwa muda mrefu. Mama mkwe hakutangaza mara moja. Akakohoa kwanza, akashusha sauti. Anasema alikuwa anangoja useme mwenyewe. Anasema kila asubuhi alifungua macho akiamini leo mume wangu atasema. Anasema ungesema tu, asingekupeleka kibandani, angekutandikia sebuleni.

Sebuleni! Nyumba nzima ile, kumbe kulikuwa na sebule.

Nikatazama chini. Kisha nikasikia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikauliza kwa unyonge kama na hiyo ni yake. Mama mkwe akasema hapana, hiyo ni yangu.

Mke wangu akaliangalia lile gauni ukutani, akanong'ona neno moja fupi. Anasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikajua kwamba pini nazo alishazifahamu. Nikapiga magoti, na kwa kuwa nilishaanza, na kwa kuwa aibu ilikuwa imenijaa hata nikadhani ikimwagika yote nitapona, nikasema na la pilipili.

La pilipili hakulijua.

Hakuna aliyelijua! Hakuna aliyeuliza! Ningenyamaza ningekuwa na dhambi moja. Mke wangu alinitazama kama mtu wa stendi asiye na tiketi. Akainuka, akatoka kwenda kibandani kumchukua mdogo wake, na yeye ndiye aliyembebea godoro kurudi.

Shemeji akasikia yote. Alilichukua koti lake, akalifua, akalianika. Kisha akaniuliza kama tumbo limepona. Afadhali angenipiga kofi.

Nalala kibandani. Panya ni wengi kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 16 Juni

Redio wamepiga simu!

Wanasema wiki ile waliokwenda kujaribiwa wengi walikuwa wanakohoa, hata bwana wa mitambo sasa yuko kitandani. Wataanza upya. Mke wangu arudi Jumatatu ijayo. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka fundi viatu akaja kuuliza kuna nini.

Sauti yake imeanza kurudi, ina mikwaruzo lakini ni yake. Jioni alikuja kibandani mwenyewe. Alisimama mlangoni. Alizungumza nami kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, bila mama yake. Hakunigombeza, na mimi nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, hata kichwa nimekiinamisha kwa urefu unaofaa. Alisema anaomba jambo moja tu. Kuanzia leo, kitu chochote kikiniwasha, kikiniuma, kikivimba au kikichuruzika, nimwambie kabla ya chai ya asubuhi. Basi. Hataki zawadi, hataki gauni.

Nikaapa. Nikaapa kwa marehemu mama yangu, nikaapa kwa cherehani. Machozi yalinitoka ya kweli, hakukuwa na kitunguu. Nikamwambia mume aliyekuwa anamjua amekufa, huyu ni mwingine. Akanitazama sana. Akasema nibebe godoro turudi.

Mungu wangu, mwanamke yule ni mwema. Nimejifunza. Mtu hujifunza hata uzeeni.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeamka jicho la kushoto halifunguki. Nimelibandua kwa maji. Jekundu, linawasha, linatoa tongotongo. La kulia nalo linaanza.

Si kitu. Vumbi la kitambaa.

Nilitaka kusema. Nilikwenda mpaka jikoni nimefungua mdomo. Mke wangu alikuwa anasoma gazeti kwa sauti, mama yake na shemeji wanamsikiliza, na ile sauti imerudi yote, ukavu wote umeondoka. Jumatatu atasoma karatasi, na karatasi husomwa kwa macho. Ningewezaje kumtia mtu wasiwasi siku tatu kabla? Huo ungekuwa ukatili. Nitamwambia Jumanne.

Nimenunua miwani ya jua kwa mchuuzi. Nyeusi, kubwa. Nimewaambia mafundi wa siku hizi ndivyo wanavyovaa, inasaidia kuona uzi. Mama mkwe ameuliza kama inasaidia na kuona chai, maana niliimimina yote nje ya kikombe. Shemeji ameacha kijiko hewani. Lakini mke wangu amenipasia mkate tu. Ameniamini!

Tena hata ikija kujulikana, sina hofu. Taulo la kufutia uso hapa nyumbani ni moja, wote tunalitumia, kwa hiyo hakuna atakayeweza kusema ugonjwa huu umeanzia kwa nani.